Moshi wa Baraza la Nyati

Ngano, jamani, ngano!

Ilete tuisikie!

Niilete nzima au nusu?

Nzima, na chumvi yake!

Haya. Hapo zamani za kale, kale sana, msitu wa ng'ambo ya mto uliwaka moto. Mama Digidigi akavuka kukimbilia nchi ya Nyati, kwato zimembabuka, mtoto mmoja ubavuni.

Nchi ile ilikuwa na mbung'o, na mbung'o wa kule si mchezo. Kwa hiyo kila walipokaa barazani waliwasha moshi wa samadi, na mgeni aliketishwa karibu kabisa na moshi, asiumwe. Ndiyo heshima yao. Wema mtupu, nawaambieni.

Na sheria yao ilikuwa hii: anayeomba hifadhi huulizwa asubuhi tatu. Maneno yakipishana zote tatu, hurudishwa alikotoka.

Asubuhi ya kwanza Nyati, mkuu wa baraza, akauliza, "Mama, umetoka na nani?"

"Na wanangu wawili."

Wakatazamana. Mtoto alikuwa mmoja.

Asubuhi ya pili Nyati akauliza, "Mama, umetoka na nani?"

Digidigi akakohoa, macho yakamtoka. "Peke yangu."

Na mtoto yuko pale pale, ananyonya! Nyani, mmoja wa wajumbe wa baraza, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ni mgeni au kapu la uongo? Kesho avushwe!"

Sasa, alikuwepo ndege Kanga. Tangu siku ya kwanza alimpelekea Digidigi majani mabichi, akakaa naye kando ya mto. Hakumuuliza kitu. Alikaa tu. Jioni ile Digidigi akaanza kusema mwenyewe, na habari yake ikanyooka mwanzo mpaka mwisho.

"Mbona barazani husemi hivi, mwenzangu?"

"Dada yangu, moshi ule ukinifika puani narudi kule kule. Sijui niko wapi. Nasikia analia."

Asubuhi ya tatu Kanga akaruka katikati. "Bwana Nyati, kabla hujauliza, zima moshi."

"Mbung'o watatumaliza!" Nyani akafoka.

"Watuume! Tunamhukumu kwa maneno aliyoyasema akiwa bado ndani ya moto."

Nyati akafikiri sana. Kisha akaukanyaga moto kwa kwato zake mwenyewe. Mbung'o hao! Wakauma masikio, wakauma migongo.

"Mama, umetoka na nani?"

"Nilitoka na wanangu wawili. Nilivuka na mmoja. Mwingine alikuwa ananiita nyuma yangu, nami nikakimbia, kwa kuwa ningerudi ningewapoteza wote."

Hakuna aliyefukuza mbung'o. Hata Nyani aliinamisha kichwa.

"Sheria imekusikia," Nyati akasema. "Kaa. Hapa ni kwako." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule aliyebaki, aliitwa nani?"

Tangu avuke, hakuna aliyemuuliza hilo.

"Mashavu," akasema Digidigi. Hapo ndipo alipolia, na Kanga akamfunika kwa bawa.

Basi funzo ni hili, wenzangu: aliyekimbia balaa, usiyapime maneno yake kabla hujaangalia umemketisha wapi. Mpe chakula, mpe haki yake, na umpe nafasi ya kulia.

Ngano imeishia hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.