Mdomo wa Tiva na Mkia Wake

Hapo zamani za kale, kenge walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kula watoto wa watu, Tiva na mkewe waliishi ndani ya kichaka cha miiba. Ndege hao kifua chekundu kama pilipili mbivu, mgongo mweusi tii. Wimbo wao ulikuwa mmoja: mke huanza, "Hoo-hoo!" mume humalizia, "Krrrr!" Hata unywele haupiti katikati. Ukiwasikia utaapa ni ndege mmoja. Kenge naye aliapa hivyo, maana hakuwahi kuwaona.

Asubuhi moja mume alileta panzi, kumbe mapaja ameshayala njiani.

"Huyu ni panzi au ganda la panzi?" mke akafoka.

Mume akanuna, akaruka zake hadi ng'ambo ya kichaka. Siku hiyo hakukuimbwa.

Mara, chakacha, chakacha! "Hodi, Mama Tiva!"

"Nani?"

"Kenge. Leo kimya, nikasema labda unaumwa. Nimekuja kukupunguzia makinda."

Mama Tiva akajibanza kwenye majani. "Karibu. Ila kwanza nikuimbie, upime ukubwa wangu."

"Ukubwa gani, kidege wewe?"

"Hoo-hoo!"

Kimya. Mwanamume bado kanuna!

Kenge akacheka kwi kwi kwi, akakwea tawi. Makinda wakaanza kulia.

"Hoo-hoo!" Mama Tiva akaita tena, sauti karibu ipasuke.

"Krrrr!" ikaitikia ng'ambo, nyuma ya Kenge.

Kenge akaganda.

"Wimbo huo ni mmoja au si mmoja?" Mama Tiva akauliza.

"Mmoja."

"Umeanzia wapi?"

"Hapo juu."

"Ukaishia?"

"Ny... nyuma yangu."

"Basi mdomo wangu uko huku, mkia uko huko. Wewe uko wapi?"

"Ka... katikati!"

"Tulia hapo hapo, nijikunje."

Weee! Kenge akaanguka puu! akakimbilia mtoni, mkia juu.

Mume akaja na panzi mzima mdomoni. "Mke wangu, nilidhani umeninunia."

"Bado nimenuna. Weka panzi hapo."

Jioni wakaimba.

Nanyi wajukuu zangu, nuneni mnavyotaka, lakini mwenzako akiita, itika kwanza.