Mkanda wa Zakaria Mligo

"Usifungue mkanda wa chini hujafunga wa juu." Ndiyo, chekeni. Mnafikiria suruali. Ezekia, msimamizi wako pale kiwanda cha chai hakukwambia maneno hayo ili uje kuyachekea hapa na dada yako. Amesikia unataka kuacha kazi. Kaeni basi niwaambie msemo huo ulikotoka. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Miaka hiyo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, katika kampuni iliyokuwa ikijenga njia za umeme kutoka Makambako kwenda milimani. Fundi wetu mkuu wa nguzo aliitwa Zakaria Mligo. Kazi ya nguzo ina mikanda miwili. Fundi hupanda akiwa amejifunga mmoja, umeizunguka nguzo. Akifika kwenye ubao uliokingama, ule unaobeba nyaya, mkanda haupiti. Hapo lazima afunge wa pili juu ya ubao, auvute kwa nguvu aone kama umeshika, ndipo afungue ule wa chini. Zakaria aliwafundisha vijana jambo hilo miaka ishirini na sita, na hakuanguka hata mmoja. Aliyekosea utaratibu huo mara moja tu alishushwa akachimbe mashimo wiki nzima. Alikuwa mkali kweli.

Mkewe, Anyesi, aliugua figo. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, kwa bima ya mumewe. Zakaria alipotimiza miaka hamsini na mitano akaomba kustaafu kwa hiari, miaka mitano kabla ya wakati. Watu walisema amechoka. Hakuchoka. Alitaka yeye mwenyewe awe anampeleka mkewe, amshike mkono kwenye ile safari, maana mama yule alikuwa akirudi hoi.

Sasa, katika mkataba wa hali bora, ule wa chama na kampuni, chama kilikuwa kimepigania kifungu kimoja: anayestaafu kabla ya miaka sitini ataendelea na bima, ili mradi ajaze fomu kabla ya mwezi wake wa mwisho kazini kwisha. Fomu zenyewe zilikaa kwenye droo yangu. Siku ya kumuaga, pilau inanukia, blanketi la zawadi limeshafungwa, nikamvuta pembeni.

"Kaka Zakaria, fomu ya bima bado hujajaza."

Akatoa kadi mfukoni, akanipa. "Isome mwenyewe, Katibu. Mwisho wake Desemba ya mwakani. Haraka ya nini?"

"Hiyo ni tarehe ya kadi tu. Bima inafuata mshahara. Mshahara ukikatika, nayo imekatika."

"Nitapita Jumatatu."

Wakatuita kupiga picha. Nami nikaenda kupiga picha! Kalamu nilikuwa nayo mkononi, ningemkalisha palepale atie sahihi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumatatu alimpeleka Anyesi hospitali. Kadi ikakubali, kwa kuwa mwezi ulikuwa haujaisha. Basi akaniona mimi mwoga wa makaratasi, hakupita. Wiki hiyo kadi ikakubali, na iliyofuata ikakubali. Mwezi ulipogeuka, binti wa dirishani pale hospitali akairudisha kadi. "Baba, hii imefungwa."

Alikuja kwangu mbio, jasho linamtoka. Tukajaza fomu, nikaipandisha mwenyewe ofisi ya utumishi. Wakaniambia huyo si mfanyakazi wetu tena, na siku zimepita. Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka. Akaenda kujiandikisha bima ya kujilipia. Wakampokea vizuri, wakamwambia asubiri miezi sita ndipo ianze kutibu ugonjwa ambao mtu alikuja nao.

Figo hazijui kusubiri. Zakaria aliuza mahindi, akauza shamba la miti ya mbao. Mafundi wakachanga, wakachanga tena. Safari tatu za wiki zikawa mbili, kisha moja. Anyesi akavimba miguu, akavimba uso, na hakumlaumu mumewe hata siku moja. Nadhani angemlaumu ingekuwa afadhali. Mwezi wa tano wa kusubiri tukamzika. Wiki mbili baadaye kadi mpya ikaletwa, ina picha yake anatabasamu.

Siku ya kuanua matanga mafundi walikaa na Zakaria uani. Yeye ndiye aliyeanza kusema, akitazama chini.

"Miaka ishirini na sita nimewafokea. Funga wa juu, ndipo ufungue wa chini. Halafu mimi mwalimu wenu nikafungua wa chini, wa juu sijaugusa. Na aliyeanguka si mimi."

Tangu hapo, kila mara kampuni ilipochukua vijana wapya, Zakaria alikuja bila kuitwa, akasimama chini ya nguzo ya mafunzo, akawaambia maneno yaleyale: usifungue mkanda wa chini hujafunga wa juu. Vijana waliitikia ndiyo, mzee, wakidhani anazungumzia nguzo. Sisi tuliokula pilau ile tuliinamisha vichwa. Maneno yakatoka pale kwenye nguzo yakaingia mtaani, mpaka yakafika kiwanda cha chai, kwa msimamizi wako.

Haya, Ezekia, mbona umeacha kucheka? Mama yako ana pumu, na dawa zake zinatoka kwa kadi yako. Hiyo kazi mpya unayoisema, barua yake umeshaishika? Au wamekuahidi kwa simu tu?

Basi hiyo barua ya kuacha kazi nipe mimi niikalie. Usifungue mkanda wa chini, mjukuu wangu, hujafunga wa juu. Mama yako ndiye aliye juu ya nguzo.