Kapu la Urani na Shimo la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo.

Shimo la nani?

La huyo anayeuliza kabla sijaanza. Na wewe Kidawa, weka huo muwa chini. Siwezi kushindana na meno yako, kraa kraa kraa.

Haya. Hapo kale wanyama wote walishikwa na wazimu wa urani. Urani ni jiwe zito. Haliliki, hata ulichemshe mpaka kuni ziishe, na ukiulizwa ni la nini unajibu lina thamani, kisha unanyamaza. Basi wakachimba. Muhanga akafungua kampuni, akachimba, paru paru paru. Nungunungu akafungua kampuni, akachimba, paru paru paru. Mama Fuko, mjane mwenye watoto tele, naye akafungua kakampuni kake, akachimba, paru. Kashimo kake kalitosha kuficha yai moja.

Asiye na kucha za kuchimba alinunua hisa. Hisa ilikuwa kipande cha gome la mti, nawe ulikilipia kwa mihogo. Lakini ununue ya nani? Hapo ndipo Pimbi alipojipatia ulaji. Pimbi ni kale kanyama kadogo ka kwenye majabali, mvivu kupindukia. Alisuka kapu akaliweka katikati ya soko, akatia ndani magome ya kila mchimbaji kwa kadiri ya shimo lake: mwenye shimo kubwa mengi, mwenye shimo dogo machache. Mnunuzi alichungulia kapuni, akanunua magome kwa kadiri ileile, akaenda zake kulala. Wakubwa wa mjini kitu hicho hukiita fahirisi ya hisa. Mimi naliita kapu, na mkinibishia sisimulii tena.

Kapu nalo lilitaka kutunzwa. Kila mwezi ulipoandama, Pimbi alizunguka kuyapima mashimo upya, na desturi ilikuwa mwenye shimo awe ndani yake, maana kuna wajanja walioonyesha shimo la jirani. Akishapima, wachimbaji wote walikwenda kusimama sokoni kwa miguu yao. Asiyefika kabla jua halijazama, magome yake hayakukaa kapuni. Mali isiyofika sokoni utaiuzaje? Mama Fuko alikuwa na gome moja tu mle, na gome hilo ndilo lililolisha wanawe.

Siku hiyo akaja Kiboko, ambaye hajawahi kuchimba hata shimo la taka. Alisema amesikia kuna kapu linaloleta mihogo, naye anataka kulijaza peke yake. Hivyo vidudu vingine vitolewe, kuanzia na Fuko. La sivyo atalikalia kapu, na Pimbi akiwa ndani.

Mama Fuko akaangua kilio palepale. Pimbi alirudi nyuma ya kapu lake, nisiwadanganye, lakini ulimi wake ulikuwa imara.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema. "Kapu ni lako. Leo mwezi unaandama. Chimba shimo lako, nikupime."

Wakaenda machimboni, Kiboko akachimba kwa mdomo. Ng'wafu! Ng'wafu! Ng'wafu! Udongo ukaruka hadi juu ya miti.

"Pimbi, nimefika wapi?"

"Umempita Nungunungu, bwana. Bado Muhanga."

Ng'wafu! Ng'wafu! Ng'wafu!

"Pimbi, nimefika wapi?"

"Umempita Muhanga, bwana. Bado wote kwa pamoja."

Ng'wafu! Ng'wafu! Ng'wafu! Sasa sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini.

"Pimbi, nimefika wapi?"

"Umewapita wote. Shimo kama hili halijapata kuonekana. Sasa panda, bwana mkubwa, twende sokoni, jua linazama."

Kiboko akapanda. Paruuu, puu! Akaangukia makalio. Akapanda tena. Paruuu, puu! Miguu ya kiboko mnaijua, mifupi na minene, haikuumbwa kupanda ukuta. Akaagiza kapu liletwe shimoni. Pimbi akamjibu kwa huzuni, huzuni ya uongo mtupu, kwamba kapu halimfuati mtu, watu ndio hulifuata kapu. Yeye angependa sana kumsaidia, ila desturi ni desturi. Jua likazama. Mama Fuko akafika sokoni akihema, na gome lake likabaki mahali pake. Usiku ule wanawe walikula mihogo mpaka wakalala na vipande mdomoni.

Kiboko alikaa mle mpaka masika. Mvua ikajaza shimo, akaelea, akatoka, akaenda moja kwa moja mtoni bila kumwamkia mtu. Ndiyo maana mpaka leo yuko majini, na habari za kampuni hataki kuzisikia. Wachimbaji nao, kwa furaha, wakaamua kila atakayenunua hisa amkatie Pimbi kipande cha muhogo kwa ajili ya kulitunza kapu.

Ngano yangu nimeifukia hapo. Mwenye jembe na aifukue.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba mali hupatikana kwa jasho. Muwe na bidii kama Kiboko, aliyechimba kuliko wote. Wala msimwige Pimbi, ambaye hajachimba shimo hata moja maishani mwake, na mpaka leo hawezi kuinama kwa shibe.