Ndoo ya Chokaa

Mtu mmoja alikuwa na ndoo ya chokaa. Jina lake Luhende, fundi baiskeli wa huko Usukumani. Chama cha mbio za baiskeli cha wilaya kilimpa kazi moja tu: achore mstari wa kumalizia, kisha akae hapo mpaka mwendeshaji wa mwisho avuke. Kazi ndogo, mtasema. Lakini kwa desturi yao mbio hazikuisha mpaka wa mwisho afike, alimradi saa kumi na moja jioni haijapita. Mshindi alikuwa ameshaoga, ameshakula wali wake, na Luhende bado amesimama juani na ndoo yake. Mstari ukikanyagwa ukafifia, anauchora upya. Watu walimpenda kwa hilo.

Wakampandisha. Akawa mtunza saa, akawa katibu, na mwaka wa kumi na mbili akawa mwenyekiti. Sisemi aliharibu kazi, nisije nikamsingizia mtu. Aliandika barua, akatafuta wafadhili, akapigania mpaka wanawake nao wakaruhusiwa kushindana. Hayo yote ni yeye. Ila mwenyekiti hukaa hemani na mgeni rasmi, na ukiwa hemani mstari hauonekani vizuri. Ndoo akaiacha stoo.

Sasa palikuwa na mwanamke, Nyamizi, aliyezoea baiskeli kwa kupeleka maziwa mjini kila asubuhi. Miaka miwili mfululizo alishindwa kumaliza mbio, gari la nyuma likambeba. Na kanuni ya chama ilisema anayeshindwa mara tatu anafutwa kwenye orodha, basi. Mwaka wa tatu pedali ilimkatikia njiani. Gari la nyuma likaja, akalikataa, akaendelea kwa mguu mmoja kilometa ishirini. Mguu mmoja, ndugu zangu. Jaribuni hata kufika sokoni.

Siku hiyo mgeni rasmi alikuwa na safari. Saa kumi akaomba matokeo yasomwe ili awahi. Luhende hakutaka kuonekana hana adabu kwa mkubwa, basi akayasoma, akatia sahihi, akatangaza kwamba mbio zimefungwa. Madereva wakasogeza magari ya wageni karibu na hema, wakayaegesha juu ya mstari.

Saa kumi na nusu Nyamizi akatokea kwenye kona. Akashuka mbele ya magari, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akamgeukia mwenyekiti, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza na salamu.

"Shikamoo, baba. Mstari uko wapi?"

Luhende alijua ulipo. Ulikuwa chini ya tairi, hatua tano kutoka kwenye kiti chake. Nusu saa nzima ilikuwa bado imebaki. Angeweza kumwambia dereva asogee, angeweza kuichana ile karatasi. Lakini sahihi ilikuwa yake, na mkubwa alikuwa anamtazama. Akamwambia Nyamizi ajaribu mwakani, kana kwamba hajui kuwa kwake mwakani haipo. Nyamizi akaitikia, akageuza baiskeli, akaenda zake akiikokota. Jina likafutwa.

Roho ilimuuma Luhende, tena sana. Uchaguzi uliofuata hakugombea, akaomba arudishiwe ndoo yake. Walimcheka. Mpaka leo yuko pale kila mwaka, mzee na chokaa mikononi. Hata akiambiwa wote wameshafika, hasogei mpaka saa kumi na moja ipite. Baiskeli yoyote ikitokea kwenye kona, anainuka na kukaza macho, anaona siye, anakaa tena.

Nanyi mliokwisha kukaa hemani, mimi nauliza hili tu: ndoo yako uliiacha wapi, na ni nani amefika leo akakuta umeegesha juu ya mstari wake?