Boza Lililojaa Mashangazi

Sogeeni. Kwanza muape kwamba haya hayatoki nje ya kizingiti changu. Mmeapa? Haya. Mimi nimeshamwambia jirani, na jirani ana mdomo, kwa hiyo sikilizeni haraka kabla hamjayapata kwake.

Hapo zamani za kale, mabomba hayajafika kwa wanyama, Bi Tembo alikuwa na boza, gari la tangi la kuuzia maji. Dereva wake alikuwa Fisi, kifua kama kabati. Utingo alikuwa Kindi, kadogo, mkia mtupu. Sheria ilikuwa moja tu: boza libebe maji, basi.

Lakini mafuta yakawa yanaisha ovyo. Bi Tembo akamwita Kindi.

"Fisi anasema wewe ndiye unayenyonya mafuta kwa mpira."

"Mimi, mama? Mpira wenyewe mzito kuliko mimi."

"Kesho jioni usiponionyesha mwizi, kazi huna."

Mwizi Kindi alimjua. Kila siku ya mapumziko Fisi alilitoa boza akaenda nalo ngomani, sokoni, hata kwa kinyozi. Lakini neno la utingo juu ya dereva, nani atalisadiki?

"Basi mama, kesho kashinde kwa Bi Nyumbu kule mlimani. Ukisikia honi ya boza, toka na ndoo."

"Kesho boza halifanyi kazi."

"Ndiyo maana, mama."

Kumbe Kindi alishajua kwamba kesho yake Fisi anapeleka posa huko huko mlimani. Mashangazi zake amewaficha ndani ya tangi kavu, wasionekane njiani.

"Kaka Fisi," Kindi akasema walipoukaribia ua wa wakwe, "umewaambia gari ni lako?"

"La nani tena?"

"Sasa mwenye gari anaingiaje ukweni kimya kama mwizi wa kuku? Piga honi wakujue."

Fisi akacheka meno yote nje. "Kadudu wewe, una akili."

Piii-pooo! Piii-pooo!

Honi ile mlima mzima unaijua. Milango kacha, kacha! Nguruwe na sufuria, Nyumbu na ndoo, Kobe na kikombe chake, foleni hiyo.

"Rudini, leo hakuna maji," Fisi akasema, jasho linamtoka.

"Hakuna maji na tangi linatikisika?" Nguruwe akafungua koki. Tone halikutoka. Ikachungulia ncha ya kanga. Akaivuta.

"Iache," sauti ikatoka ndani, "ndiyo niliyovaa!"

Wengine humo walijua wamefika, wakapiga vigelegele. Lililililiii! Tangi likavuma kama ngoma.

Mama mkwe akashika kiuno. "Bwana harusi, gari lako linazaa mashangazi?"

Nyuma ya foleni ndoo ikatuliwa chini, taratibu.

"Gari la nani?" akauliza Bi Tembo.

Fisi alikuwa mkono mmoja kwenye honi, mwingine umeshika sinia la posa. Kindi yuko juu ya tangi, kafungua mfuniko: "Karibuni, mashangazi, shukeni polepole. Bosi yupo hapa, msalimieni."

Wajukuu, kushika usukani wa gari la kazi hakulifanyi liwe lako. Na mimi sijawaambia kitu.