Kijino cha Tarishi

Kisa kinabisha hodi!

Karibu, kisa!

Kimetembea tangu zamani, miguu imejaa vumbi.

Kipeni kigoda kikae!

Basi kimekaa. Sogeeni, wajukuu zangu. Kila mmoja avute karanga zake; mkono ubambue, sikio lisikilize. Atakayekula zaidi kuliko anavyobambua namwona.

Hapo kale, wakati msitu wa miyombo ulipoanzia nyuma ya jiko, na tembo walipopita uani mara nyingi kuliko wageni, palikuwa na kijiji kiitwacho Itwelele. Wazungu walikuwa wamepigana vita vyao vikubwa, wamechoka, wameacha bunduki zao kuukuu kama watu wanavyoacha majembe yaliyolika. Mtemi akapata moja, akawapa watu wa Itwelele, ilinde mashamba. Ilikuwa ndefu, nzito, kitako chake kimefungwa waya. Watu wakaiita Tarishi, kwa sababu ilikuwa ikitumwa na kurudi na majibu.

Mtunza Tarishi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Lugembe. Akitembea, alitembea kama mtu anayesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii. Mkewe alikuwa amekufa. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kukata mkonge, mbali, mwendo wa siku nyingi. Nyumbani alibaki na mkaza mwanawe, Nkwimba, na mtoto mchanga wa Nkwimba, Mbuke. Nkwimba ndiye aliyempikia Lugembe, ndiye aliyemchotea maji ya kuoga, na alipompa kitu alipiga magoti na kutazama chini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu angeweza kukaa naye siku nzima asiisikie.

Sasa sikilizeni mwiko wao. Bunduki ya uwindaji haikuvukwa na mwanamke. Mwanamke akiivuka, walisema, inapofuka. Na dawa ni moja: arudi kwao. Bunduki ikipona akiwa kwao, basi asirudi tena, maana imethibitika ni yeye. Msinitazame hivyo. Sikuutunga mimi.

Mwaka ule alitokea nguruwe pori dume, mkubwa kama ndama, pembe moja nyeupe, nyingine imevunjika. Watu wakiamka na kukuta mahindi yamelala walisema, "Mwenye Shamba amepita." Hata watoto walijua. Mwenye Shamba alikula kwa huyu, akala kwa yule, na njaa ikaanza kuchungulia ghalani.

"Lugembe, tunakungoja wewe," walisema.

"Atakufa," alisema Lugembe. "Mimi sipigi mara mbili."

Naam, wajukuu zangu. Siku moja adhuhuri Lugembe alikuwa akivuka mto na Tarishi begani. Alikuwa akitazama alama za kwato ng'ambo, hakutazama alipokanyaga. Jiwe lilikuwa na utelezi. Mguu huu huku, mguu ule kule, na Tarishi ikaruka. Paa! Ikapiga mwamba kwa mdomo.

Lugembe aliinuka upesi. Kwanza hakutazama goti lake lililochanika. Alitazama huku na huku kuona kama ameonekana. Matete yalikuwa kimya. Akashukuru.

Mdomoni mwa mtutu wa Tarishi palikuwa na kijino cha chuma, kidogo kama punje ya mtama, kimekaa katika mfereji wake. Hicho ndicho jicho la bunduki. Anayelenga hukiweka katikati ya mnyama, kisha anavuta. Juu yake palikuwa na kikofia cha chuma cha kukikinga, na kikofia kilikuwa kimetoka, kimezama. Kijino kilikuwa kimesogea kidogo, upana wa unyoya. Lugembe akapapasa majini, hakukiona kikofia. Njiani akamlenga kanga, akavuta. Risasi ikapita kushoto. Kanga akaenda zake anacheka.

Hapo Lugembe angeweza kwenda kwa watu aseme, "Nimeteleza, bunduki imeumia." Maneno mawili tu. Lakini aliona haya. Mtu asiyepiga mara mbili atasemaje kwamba ameteleza kama mtoto?

Akajifungia. Alisema moyoni, risasi inakwenda kushoto, basi nikisukume kijino kulia, irudi katikati. Akatwaa nyundo na kipande cha shaba. Ko, ko, ko. Kijino hakikusogea. Kutu ya miaka ilikuwa imekishika kama kupe. Akakitia mafuta ya nyonyo, akangoja siku nzima. Ko, ko, ko. Hakikusogea. Akakitia mafuta tena, akakipasha kwa kaa la moto. Ko, ko, ko. Nkwimba alisikia akiwa jikoni, akaendelea kumnyonyesha mtoto. Siku ya tatu kijino kikaruka kulia ghafla, upana wa ukucha.

"Ndiyo hivyo!" alisema Lugembe. Hakujaribu. Risasi zilibaki saba, na mlio ungemwumbua.

Siku ya msako watu wote walitoka. Vijana walipiga madebe na ngoma kichakani kumtoa Mwenye Shamba. Upande wa kushoto, chini ya kivuli cha mkuyu, wanawake walikuwa wameweka mtungi mkubwa wa pombe ya washindi. Mwenye Shamba akatoka. Hakukimbia. Alisimama hatua thelathini, akimtazama Lugembe kama mtu anayesubiri kusalimiwa.

Lugembe akalenga. Akavuta.

Paa! Mtungi ukapasuka. Pombe ikamwagika mpaka miguuni mwa wanawake, nao wakatawanyika wakipiga mayowe. Mwenye Shamba akageuka, akaondoka polepole.

Jirani mmoja, Ntabo, mtu asiyeweza kuacha neno lipite, akasema:

"Lugembe, ndugu yangu, nguruwe ni yule mwenye mkia! Huyu uliyemwua ana mdomo mpana tu!"

"Maskini marehemu," akasema mwingine, "alikuwa amejaa mpaka shingoni!"

Kicheko kikavuma shamba zima. Lugembe alisikia uso unamwaka, masikio yanamvuma. Alitafuta mahali pa kuweka macho, akakosa. Ndipo akamwona Nkwimba amesimama na wanawake, mtoto mgongoni, nguo imelowa pombe. Yeye peke yake alikuwa hacheki. Kinywa cha Lugembe kikafunguka kabla ya moyo wake.

"Tarishi imevukwa!" alisema. "Nyumbani kwangu kuna mwanamke mmoja tu. Muulizeni."

Kicheko kikakatika. Mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji kile, akasogea.

"Binti, uliivuka?"

Nkwimba alimtazama mkwewe mara moja. Mara moja tu, wajukuu zangu, kisha akatazama chini.

"Kama baba amesema," alijibu kwa sauti yake ndogo, "mimi siwezi kubishana na baba."

Kesho yake alifunga nguo zake katika kitambaa, akambeba Mbuke, akaenda kwao, mwendo wa siku nzima. Alimwachia Lugembe maji mtungini na unga uliosagwa wa siku tatu.

Habari zikafika kwa mtemi kwamba Tarishi imepofuka. Akamtuma Mzee Kasele, askari wa zamani aliyechechemea, aliyebeba bunduki za aina ile vitani. Kasele aliketi kizingitini kwa Lugembe, akaiweka Tarishi magotini, akaigeuza mdomo, akakodoa.

"Hii imeanguka lini?"

"Haijaanguka, afande."

"Haijaanguka. Basi imejitupa." Akapitisha kidole. "Na hizi alama za nyundo zinazong'aa, zimeota?"

Lugembe aliisukuma nyundo yake nyuma kwa kisigino.

"Sikuulizi nikuaibishe. Nauliza nijue kimetembea kiasi gani. Risasi zinakwenda wapi?"

"Kushoto."

"Ukakisukuma wapi?"

"Kulia. Ili zirudi."

Kasele alicheka mpaka akakohoa. "Wote huanzia hapo! Mimi kule vitani sajini alinizaba kofi kwa jambo hilo hilo. Sikiliza. Kijino kikikaa kushoto, wewe unapokitafuta katikati unageuza mtutu kulia bila kujijua. Kwa hiyo kijino hakikimbii kosa. Kijino hulifuata kosa. Risasi ikienda kushoto, nacho kipeleke kushoto. Ukikikimbiza upande wa pili, unaliongezea kosa miguu."

Akakitia mafuta. Akagonga. Kijino kikagoma. Akakitukana kwa lugha ya vitani, akagonga tena. Ko, ko, ko. Kikarudi kushoto, taratibu, kama mtu anayelazimishwa kuomba radhi.

"Nasikia mkweo aliivuka," alisema Kasele akifuta mikono.

Lugembe aliipokea Tarishi, akapangusa mahali palipokuwa safi.

"Haya. Mimi nimeitwa kwa ajili ya chuma," alisema mzee, akashika fimbo yake. "Hayo mengine hayatengenezwi kwa nyundo."

Msako wa pili, Mwenye Shamba alitoka palepale, akasimama vilevile. Paa! Akaanguka. Vigelegele! Watu wakambeba Lugembe juujuu. Ntabo mwenyewe alimbeba mguu mmoja. Kisha mwanangwa akainua mkono.

"Mmeona? Msichana ameondoka, bunduki imepona. Imethibitika. Nkwimba harudi tena hapa. Mwanao akija kutoka mkonge, Lugembe, tutamtafutia mke mwingine."

"Kweli kabisa!" wakasema watu.

Lugembe alikuwa juu mabegani mwao. Alifungua kinywa. Akakifunga. Mnaona, uongo wake ulikuwa umepata shahidi, na shahidi ni nguruwe aliyekufa. Hakuna ambaye angejua kamwe.

Walimpa ini, fungu la heshima. Alilitafuna, likawa kubwa kinywani. Alilitafuna, likazidi kuwa kubwa. Akalitema majivuni. Nyumba ilikuwa kimya. Mchi umeegemea ukuta. Kibuyu cha mtoto cha kuchezea kilikuwa chini ya kitanda, na Lugembe alipokigusa kwa mguu kililia chakacha, naye akaruka kama ameumwa.

Alfajiri akashika njia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Nitasema, "Bunduki imepona, mwanangu, twende nyumbani." Basi. Ni kweli, si uongo. Sitasema imeponaje.

Akafika jioni jua likiwa bado juu ya miti. Wazazi wa Nkwimba wakampa kigoda. Nkwimba akaja, akapiga magoti, Mbuke mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bunduki imepona, mwanangu. Twende nyumbani."

Nkwimba hakuinuka. Alifungua fundo katika pindo la nguo yake, akatoa kitu, akakiweka kwa mikono miwili mbele ya miguu ya mkwewe. Kilikuwa kikofia cha chuma.

"Nilikiokota mtoni," alisema. "Siku ile ulipoteleza nilikuwa nachota maji nyuma ya matete. Nilitaka kukurudishia, nikaona ukikipokea kwangu utajua kwamba nilikuona. Nikasema nitakiweka juu ya kinu siku moja, ukikute mwenyewe. Siku haikufika."

Lugembe alikitazama kile chuma kidogo. Kilikuwa kimesuguliwa, hakina kutu.

"Ulijua," alisema. "Ulijua, ukanyamaza mbele ya watu wote."

"Walikuwa wamekucheka sana, baba. Sikuweza kukuongezea."

Wajukuu zangu, acheni karanga kidogo. Je, mmewahi kuona baba mkwe akipiga magoti mbele ya mke wa mwanawe? Hata enzi zile hakuna aliyeona. Lugembe alishuka kutoka kigodani kama gunia lililotobolewa, magoti yakagusa vumbi.

"Inuka, mzee mwenzetu," baba yake Nkwimba alisema kwa hofu, "unatutisha!"

"Niacheni hapa," alisema Lugembe. "Binti yenu hakuivuka bunduki. Mimi niliiangusha. Mimi niliipotosha. Nikaona haya, nikamtwika yeye haya yangu, na mtoto mgongoni."

Asubuhi walirudi pamoja. Lugembe alimbeba Mbuke mwenyewe, watu wakashangaa njiani. Lakini hakwenda nyumbani kwanza. Alifuata uongo wake kila ulikopita, nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Hakuivuka. Niliiangusha, nikaipotosha, nikamsingizia." Nyumba ya kwanza sauti ilimtetemeka. Nyumba ya tano ilimtetemeka vilevile. Haikuzoea. Kwa Ntabo alisema hivyo hivyo, naye Ntabo, mtu asiyekosa neno, aliinama akakuna mguu.

Mwisho kwa mwanangwa. Akamwekea Tarishi miguuni.

"Mpeni mwingine. Mimi si wa kuitunza."

Mwanangwa aliitazama bunduki, akamtazama mzee. "Lugembe, usingesema, nani angejua?"

"Yeye alijua," alisema Lugembe.

Hivyo Nkwimba akarudi jikoni kwake, na mumewe alipotoka mkonge alimkuta. Mnadhani yote yalisahauliwa? Hapana. Ukutani pale Tarishi ilipokuwa ikiegemea palikuwa patupu, lakini Nkwimba alipopita hapo na mtungi wake bado alizunguka mbali, kila siku, bila kujua. Lugembe alimwona akizunguka. Kila siku alimwona. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake, na hakuna aliyempa.

Basi mkumbuke kijino. Ukikosea, usikimbilie upande mwingine ukadhani unarekebisha. Nenda kule kule kosa lako lilikokwenda, ulifuate mpaka mlango wa mwisho, hata uso ukikuwaka.

Unasemaje wewe, mbona umeinua mkono? Kama mimi bibi yako nimewahi kumsingizia mtu?

Hm.

Bambueni karanga. Kesho asubuhi mtanisindikiza mahali, si mbali, ng'ambo ya kisima, kwenye mlango wa mtu mmoja. Mtanishika mkono.

Kisa kimeinuka kigodani.

Kwenda salama, kisa!

Kimeacha kigoda kina joto.

Atakaa mwenye la kusema!