Macho Mawili ya Tangawizi

"Kitambaa cha jicho bovu hakifuti jicho zima." Mmemsikia shangazi yenu Ester asubuhi hii akimkatiza mumewe kwa maneno hayo, naye mume, kwa domo lake lote lile, akanyamaza. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi endeleeni kumenya viazi, na maganda yasiwe manene hivyo, kwani viazi hivyo havikuokotwa njiani. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hizo, hapa kwetu Ubenani, jiko lilikuwa nyumba. Ninyi jiko lenu ni mtungi wa gesi juu ya meza. Letu lilikuwa kibanda chenye moto usiozimika, dari nyeusi kwa masizi, na simbilisi wakipita katikati ya miguu ya watu. Simbilisi siku hizi mnawaona kwa nadra: mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, mpole kuliko sungura. Walizaliana pembeni mwa mafiga, wakila maganda na majani, na kila aliyeingia na mboga mkononi walimpokea kwa sauti zao nyembamba, wiii, wiii. Mgeni akija, mmoja alipungua. Hakuna aliyewahesabu wala kuwapa majina. Nazikumbuka sauti zile mpaka leo, na jiko lisilo na simbilisi bado naliona limepoa hata kama chungu kinachemka.

Nyumbani kwa Mzee Otmari Mwalongo, hata hivyo, alikuwako simbilisi mmoja mwenye jina. Aliitwa Tangawizi kwa sababu ya rangi yake. Mama yake aliliwa siku paroko alipokuja kubariki nyumba, naye akabaki kitoto cha siku nne, akalelewa na Skolastika, binti mdogo wa mzee, ndani ya sweta lake. Tangu hapo ilijulikana kwamba hata akija askofu, Tangawizi hapikwi.

Mzee Otmari alikuwa fundi cherehani, na hapakuwa na mwingine wa kumfikia toka kijijini mpaka barabara kuu. Maharusi wa vijiji vitatu walivaa magauni ya mkono wake. Sifa yake nyingine ilikuwa ubahili wa nguo. Suruali ikichakaa kwake iligeuka kaptura ya mtoto, kaptura ikageuka kiraka, na kiraka kikaishia kuwa kishikio cha sufuria. "Kitambaa hakifi," alizoea kusema, "hubadilisha kazi tu." Mkewe, Mama Leokadia, alisema kwamba siku akifa mumewe atamshonea sanda ya viraka, na mzee alicheka lakini hakukataa.

Leokadia ndiye aliyekuwa binti yao mkubwa. Mzee alimpeleka Njombe mjini kujifunza maarifa ya nyumbani, akamsindikiza kwa miguu nusu ya safari huku amembebea sanduku kichwani. Miaka miwili barua zilikuja kila mwezi. Wa tatu zikapungua, zikakoma. Kisha, kwenye msiba wa jirani, mtu mmoja aliyetoka mjini akamwambia mzee kwa nia njema kabisa, "Fundi, lile gauni la Leokadia ulilishona mwenyewe? Mbona lilimbana mabegani?"

Hivyo ndivyo Mzee Otmari alivyojua kwamba mwanawe ameolewa. Yeye aliyewavalisha maharusi wa vijiji vitatu, mwanawe aliingia kanisani na gauni la kuazima. Iliuma, jamani. Alirudi nyumbani akafunika cherehani kwa shuka, na siku tisa hakushona hata kifungo. Alipoirudia kazi, jina la Leokadia halikutoka tena kinywani mwake. Hata mkewe, aliyekuwa akimwita Mama Leokadia tangu ujana, akaanza kumwita Mama Skola.

Ikapita miaka mitatu. Skolastika akamaliza darasa la saba, akaja na barua: amechaguliwa shule ya wasichana, huko huko Njombe. Mzazi atie sahihi, barua irudi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mzee Otmari aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka katika saraka ya cherehani pamoja na sindano.

"Sikunyimi elimu, mama," alimwambia bintiye. "Nakukinga tu, yasije yakakupata ya mwenzako."

Skolastika alichukua ufagio, akatoka uani. Watoto wa wakati ule hatukuwa na mdomo huu wenu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja, na kila asubuhi alizihesabu moyoni akiwa anafagia.

Katika siku hizo ndipo Tangawizi alipougua. Asubuhi moja Skolastika aliingia jikoni na majani, simbilisi wote wakalia, Tangawizi akabaki kajikunyata pembeni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, limegandwa na usaha wa njano uliokauka. Bahati nzuri bwana mifugo alikuwa kijijini kwa ajili ya kuogesha ng'ombe. Alipoletewa simbilisi ndani ya sweta alicheka kwanza, lakini alikuwa mtu mwenye huruma, akamshika na kumtazama vizuri.

"Amechomwa na ncha ya jani kavu," alisema, "na moshi ukaongezea. Mtoe karibu na moto, mlaze juu ya majani mabichi laini. Chemsha maji yenye chembe ya chumvi, yakipoa mpaka uvuguvugu umwoshe asubuhi, mchana na jioni. Taratibu, usibandue kwa nguvu. Na kila jicho liwe na kitambaa chake, binti. Ugonjwa wa macho hupanda kitambaa kama abiria. Wiki ikipita bila nafuu, niletee tena."

Skolastika alimwomba baba yake vitambaa viwili. Mzee alipekua mfuko wa mabaki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa kipande cheupe cha bafta na kipande cha buluu kilichobaki kwenye sare za shule. Cheupe kikawa cha jicho bovu, cha buluu cha jicho zima. Siku ya tatu usaha ulipungua. Siku ya nne jicho lilianza kufunguka kidogo, jembamba kama tundu la kifungo, na Skolastika akaimba siku nzima.

Siku ya tano ukaja ujumbe kwamba bibi yake mzaa mama ameanguka, na mama na binti wakalazimika kwenda kumuuguza. Skolastika alimwelekeza baba yake kama anavyoelekezwa mtoto: maji haya, bakuli hili, cheupe huku, buluu huku. "Usivichanganye, Baba."

"Nimeshona kabla mama yako hajajua kutembea," alisema mzee. "Nitashindwa kufuta jicho la simbilisi?"

Kwa kweli hakushindwa, na alifanya kwa moyo. Alimkalisha Tangawizi katika kiganja, akahisi moyo mdogo ule ukienda mbio chini ya manyoya. Leokadia alipokuwa na miaka mitatu aliugua surua, macho yakafumba siku sita, na ni yeye Otmari aliyemwosha, kwa sababu mtoto alikataa mkono mwingine wowote. Alikuwa akisema, "Baba, washa taa," akidhani ni usiku. Mzee alikaa na kumbukumbu hiyo mpaka maji yakapoa. Kisha akakasirika, akaisukuma mbali, akarudi kazini.

Ila ule ubahili wake ulikuwa pale pale. Alikitazama kile kitambaa cha buluu, akakipima kwa vidole, akaona kingetosha mfuko wa shati. Kukilowanisha kwa ajili ya jicho lisilo na ugonjwa aliona ni hasara. Akakirudisha kwenye mfuko wa mabaki. Kila alipomaliza kuosha jicho bovu kwa kile cheupe, alikichovya bakulini, akakikamua, akalifuta na jicho zima kwa bidii ile ile.

Mama na binti walirudi baada ya siku tatu, bibi akiwa amepata nafuu. Skolastika hakutua hata mzigo. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya Tangawizi. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba. Alimwita. Mnyama akainua kichwa, akageukia ukuta badala ya kumgeukia yeye, akalia wiii ndogo.

Mzee Otmari alikuwa amesimama mlangoni. "Limeanza jana jioni," alisema. "Sijui ni nini. Sikuruka hata mara moja."

"Ulitumia kitambaa kipi, Baba?"

"Cheupe."

"Kwa jicho bovu. Na hili?"

"Hicho hicho. Nilikikamua vizuri."

Skolastika alimpakata Tangawizi. Machozi yalikuwa yakimdondoka, lakini sauti yake haikupanda. "Hili lilikuwa na nini, Baba, mpaka ukalifuta hivyo?"

"Halikuwa na kitu. Nililikinga tu, lisije likapata ya mwenzake."

Maneno yalikwisha kutoka ndipo alipoyasikia. Yalikuwa yake, yale yale aliyoyasema juu ya barua, hata sauti ilikuwa ile ile. Mama Leokadia, aliyekuwa akichochea moto, aliacha kuchochea. Skolastika naye aliyasikia. Alimtazama baba yake usoni, jambo ambalo mabinti hawakulifanya, akasema polepole:

"Kitambaa cha jicho bovu hakifuti jicho zima, Baba. Ndicho kilicholiumiza."

Kisha akainama kwa haraka, akingoja kukemewa. Hakukemewa. Mzee Otmari alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyechoka kwa safari ndefu. Alikuwa na uchungu wa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote alikuwa akiuona uchungu ule kuwa ni busara. Sasa aliona jinsi alivyouchukua kutoka kwa mtoto mmoja na kumpaka nao mwingine, tena kwa mkono wa upendo, tena akijisifu kwamba haruki hata siku moja. Mtoto huyu hakuwa amekosa lolote. Alikuwa amekaa mbele yake na mnyama asiyeona, na mtoto naye nusura apofushwe kwa kunyimwa shule.

"Lete maji," alisema hatimaye. "Na ule mfuko wa mabaki uulete wote."

Alikata vipande vinane vya bafta mpya, si mabaki. Mkewe alisimulia jambo hilo mpaka uzeeni kwake. Walivichemsha, wakavianika, na kila kimoja kiligusa jicho moja tu. Mzee aliosha la kulia, Skolastika la kushoto, mara tatu kwa siku, magoti yao yakigusana. Siku ya pili, katikati ya kuosha, mzee alisema, "Barua nimetia sahihi. Mwalimu mkuu ameipeleka na lori la mbao." Skolastika akambadilishia baba yake kitambaa, akaendelea kufuta.

Jicho la kulia lilifunguka siku ya sita, likang'aa kama mbegu ya papai. La kushoto lilichukua wiki mbili, nalo likabaki na doa jeupe mpaka Tangawizi alipokufa kwa uzee. Alikuwa akigeuza kichwa aelekeze lile la kulia kila alipotaka kumtambua mtu.

Mwezi wa kwanza ulipofika, mzee alimsindikiza bintiye hadi Njombe, safari hii si nusu ya njia. Walipanda lori la mbao pamoja, wakashuka wamejaa vumbi la msonobari. Alimkabidhi shuleni, akasubiri mpaka alipoonyeshwa kitanda chake, kisha badala ya kurudi stendi akamwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kutoka na mtoto kwa saa moja. Alikuwa ameulizia nyumba ya Leokadia kwa watu wawili, kana kwamba anatafuta wateja.

Leokadia alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni. Alipomwona baba yake alipiga magoti pale pale kizingitini, na hofu ikamwenea usoni.

"Kamwene, Baba," alimwamkia kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu."

Mzee Otmari hakuwa msemaji wa mambo kama hayo. Mikono yake ndiyo iliyozoea kusema. Alitazama mjukuu asiyemjua, akamtazama bintiye aliyekonda kidogo, na yale makaripio aliyoyatunza miaka mitatu akayatafuta asiyapate.

"Niliogopa kukuandikia, Baba," alisema Leokadia. "Nilisubiri nipate ujasiri. Miezi ikapita, ikawa miaka, na kadiri ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuogopa."

"Umenikosea," alisema mzee. "Umenikosea sana, na nitakwambia, lakini si mbele ya mtoto. Na mimi nimewakosea ninyi wawili. Mdogo wako nilimfuta kwa kitambaa chako. Na wewe uliyekuwa ukiumwa, sikukuosha kabisa."

Leokadia hakuelewa habari ya vitambaa mpaka Skolastika alipomsimulia, nusu akicheka na nusu akilia, huku baba yao amekaa ndani amempakata mjukuu. Siku hiyo hawakumaliza kusema yote. Walikuja kuyamaliza miaka mingi baadaye, na mengine nadhani hawakuyamaliza.

Mzee Otmari alirudi kijijini na msemo ule. Mteja akija na hasira ya mke wa kwanza akimtolea wa pili, au mwalimu akimchapa mtoto kwa sababu ya utundu wa kaka yake, fundi alikuwa akisimamisha cherehani na kumwambia. Watu wakauchukua, wakauvusha mito, mpaka umefika kwa shangazi yenu Ester bila jina la fundi wala la simbilisi wake. Mumewe asubuhi hii amekataa kumpokea kazini kijana wa watu kwa sababu kijana aliyetangulia alikuwa mvivu. Ndiyo maana shangazi yenu amemkatiza.

Lakini wengi huusema nusu tu. Mzee mwenyewe aliusema mzima, na mimi nawapa ninyi mzima: kitambaa cha jicho bovu hakifuti jicho zima, na jicho bovu nalo lina kitambaa chake.